Fregado kwa Kiingereza

3 Machi

Mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kama nywele za kichwa changu, ambazo bado zipo zote. Mimi mzima, afya imenikaa kama suti ya kushonwa. Mama hajambo? Goti lake je? Na mwanao, yale meno ya mbele yaliyong'oka yameota tena?

Sasa kaa chini, maana habari hii ukiisoma umesimama utaanguka. Kaka yako ameangukiwa na bahati. Mimi ni mkalimani. Ndiyo, mimi huyu niliyeishia darasa la sita kwa sababu mwalimu wa hesabu alishindwa kunielewa. Hapa kazini nusu ya watu wanasema Kihispania, lugha niliyoipata ndani ya miezi minane kama mtu anavyopata mafua. Juzi akaja mkaguzi, ana tai, ana faili, hajui lugha ila Kiingereza. Msimamizi akatazama huku, akatazama kule, akaniita mimi. Peke yangu, kati ya watu arobaini.

Basi mzee mmoja Mhispania akataja neno fregado. Zito hilo, mdogo wangu. Ni kule kusugua vyombo, na ni ule ugomvi wa watu kurushiana maneno hadi mikono. Mkaguzi anasubiri, kalamu iko hewani. Nikamtolea Kiingereza safi, akaandika, akashukuru, akaenda zake. Msimamizi akanipigapiga begani mbele ya watu wote.

Nina mahali pangu hapa, kando ya dirisha, na meza ya chuma inayong'aa hadi unajiona meno. Ningeandika zaidi, lakini watu wananihitaji.

Kaka yako, mkalimani


29 Machi

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi, jioni linatulia. Meno ya mwanangu yameota upya na sasa anayajaribu kwa kila kitu, mpaka kwangu.

Barua yako imetuchekesha hadi mama akashika mbavu. Ila hujasema hilo fregado ulilitoaje kwa Kiingereza. Kusugua au ugomvi? Nawahurumia Waingereza. Sisi tunalo lote kwa mkupuo: msuguano. Wewe na mimi siku za kufua tulikuwa nalo tangu tuko wadogo, na ndoo ile ile.

Sasa sikiliza. Yule wakala aliyekupeleka huko alipita kuuliza hali zetu. Mama kwa furaha akamsomea barua, naye akaiazima siku mbili. Kumbe ameirudufu kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye dirisha la ofisi yake, juu yake picha yako. Watu wanasimama kuisoma. Vijana tisa wa mtaa wetu wamejiandikisha. Wa kumi ni mimi.

Usishtuke. Fundi mkuu nimeshamuaga, cherehani nimemwuzia jirani. Wakala anasema kuna nafasi ya karani hapo hapo kwako. Mkataba ni miaka mitatu, mwanangu atabaki na mama. Tunaondoka tarehe 20 Mei. Niambie, ofisini kwenu wanawake wanavaa nini?

Mdogo wako, karani mtarajiwa


14 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Mimi mzima, msiwe na wasiwasi.

Kuhusu safari, nakushauri kama kaka. Baridi ya huku inang'oa masikio. Chakula hakina chumvi. Makarani wote wanavaa viatu vya kubana, na wewe miguu yako mipana, usinune, ni ya baba hiyo. Mrudie fundi mkuu umwambie ulikuwa unatania. Cherehani kamwombe jirani kabla hajaizoea. Wale tisa waambie nafasi zimejaa. Na ile barua ibandueni, siku ile mwandiko wangu haukuwa mzuri.

Fregado niliitafsiri vizuri, usiniulize tena.

Kaka yako, mwenye shughuli nyingi


2 Mei

Kaka,

Shikamoo. Nyumbani wazima.

Wewe umeshiba, ndiyo maana sisi unatuambia chakula hakina chumvi. Nilimwonyesha wakala barua yako. Akacheka. Akasema kila aliyefanikiwa huandika hivyo, hataki wenzake wamfikie. Nikakutetea, lakini njiani nikirudi nikajiuliza namtetea nani.

Miaka sita nashona vifungo vya mashati ya watu, kaka. Miaka sita nainama. Pasipoti yangu anayo wakala. Mwanangu nimeanza kumlaza kwa mama ili azoee. Siku ya kwanza alilia. Siku ya pili hakulia, aliniuliza nitarudi yeye akiwa darasa la ngapi.

Kama kuna jambo, liseme kama watu wanavyosema. Kama hakuna, njoo unipokee.

Mdogo wako


11 Mei

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali. Nikianza salamu nitaingiza mzaha, na mzaha ndio uliotufikisha hapa. Dereva anayeleta mkate nimembembeleza aipige picha barua hii na kuituma leo leo kwenye simu ya jirani yenu. Simu zetu sisi ziko kwenye droo ya msimamizi, pamoja na pasipoti zetu.

Hapa ni jiko linalopikia wafanyakazi wa viwandani. Tunalala ghorofa ya juu yake, na mlango unafungwa kwa nje. Dirisha langu lina nondo. Meza ya chuma ni sinki. Yule mzee anasugua masufuria, mimi nasuuza, kutwa. Kihispania nimekipata kwa kugombezwa naye, maana sijui kusuuza.

Wiki moja kabla ya mkaguzi, mzee alidai pasipoti yake. Alishikilia droo, msimamizi akaibamiza, vidole viwili vikavunjika. Mkaguzi akauliza vile vidole vimepatwa na nini. Mzee akaeleza yote, polepole, kwa ajili yangu: droo, mlango, nani alimfanya nini, na ugomvi wote akauita fregado. Nilielewa kila neno. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, pumzi yake naisikia shingoni. Nikamwambia mkaguzi kwa Kiingereza, "Anasema aliumia akisugua sufuria."

Uliniuliza nililitoaje neno lile. Ndivyo nilivyolitoa.

Mzee hajui Kiingereza, lakini alinitazama usoni akajua. Hajanigombeza tangu siku ile. Anasugua kwa mkono mmoja, mimi nasuuza. Siku mbili baadaye nikakuandikia. Nilitaka pawe na nyumba moja duniani ambamo watu wananisifu.

Nenda na mama kwa wakala mkachukue pasipoti yako, hata kama itabidi mlie barabarani mpaka watu wajae. Wakijaa, isome hii kwa sauti pale dirishani, wale tisa wasikie na aibu yangu yote. Hata ukiikosa pasipoti, ndege usipande. Mwanao mrudishe alale kwako.

Sikuangukiwa na bahati yoyote. Mimi si mkalimani. Barua ya Machi ni uongo.

Kaka yako