Nguzo za Mama Mkwe Zina Maji Ndani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijapasuka, maana humu ndani sina wa kumwambia. Mimi ni Getruda wa hapa Tunduma, mume wangu Eliudi ni fundi wa kuchomelea matela ya malori, na anamjengea mama yake nyumba bondeni, kwenye udongo ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha, ndiyo maana mhandisi akasema nyumba isimame juu ya mabomba ya chuma yaliyozamishwa ardhini na kujazwa zege. Siku ya kumwaga zege ukoo wote ulikuja kutoka Ihanda, mbuzi ameshachinjwa, wali uko jikoni, kumbe mvua imejaza mabomba maji, nikamwambia mume wangu, baba Angel, jamani tuyatoe kwanza, akacheka mbele za watu, eti zege ni zito litayasukuma lenyewe, na chuma kinachobeba tela lililojaa shaba kitashindwaje kumbeba mama yangu alivyo mwembamba! Wakamwaga, maji yakafurika juu yakiwa na rangi ya saruji, mawifi wanapiga vigelegele, mimi nikarudi jikoni kupakua wali. Sasa kuta zimefika kwenye lenta, juu ya milango na madirisha, na bomba la upande wa mteremko ukiligonga karibu na ardhi linalia kama debe tupu, na kwenye maungio linachuruzika maji mpaka leo. Nikisema, Eliudi anadai namwonea mama yake wivu kwa kuwa mama yangu kule Mbebe bado analala kwenye nyumba ya nyasi, na mawifi wameshaanza kuniita mchawi. Mama mkwe anahamia mwezi ujao na wajukuu. Nimechoka, mshauri, roho inaniambia ninyamaze wapate wanachokitaka. Nifanye nini?

*

Getruda, pole. Kuchekwa mbele ya mawifi kunauma, na mumeo amekukosea sana. Lakini hiyo roho inayokuambia unyamaze, usiisikilize hata kidogo. Wanakuita mchawi; nyumba ikianguka na wewe ulijua, si utakuwa umewapa ushahidi?

Nimemuuliza mhandisi mmoja, akaguna. Anasema zege likimwagwa kwenye maji, kokoto zinatangulia chini na saruji inaoshwa. Ilitakiwa maji yatolewe, au zege lishushwe kwa mpira mrefu mpaka chini kabisa. Chuma na zege vinasaidiana: bomba linalibana zege lisipasuke, zege linalizuia bomba lisijikunje. Palipo tupu, bomba linabeba peke yake, na siku likichoka linakunjika ghafla. Eliudi, kama na wewe unasoma: tela likipinda unalirudisha gereji. Mama yako akiangukiwa na ukuta utampeleka gereji gani?

Ujenzi usimame, tofali lisiongezwe hata moja. Mwiteni mhandisi aliyechora ramani, atoboe tundu dogo kwenye bomba hilo. Likitoa maji na mchanga, ubishi umekwisha, na yeye ndiye ataamua kama nguzo nyingine zizamishwe pembeni. Wewe usiguse kitu.

Eliudi akikataa, mfuate mama mkwe mwenyewe, mkae chini, umwambie ulichokiona. Usipitie kwa mawifi. Atakutukana, tena sana, na huenda asikusalimie mpaka Krismasi. Vumilia. Bora akutukane akiwa hai kuliko ukae matangani unapewa pole na mawifi, na wewe peke yako unajua ulinyamaza.