Tarumbeta ya Shaba Nyekundu

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, nakula nashiba, na viganja vyangu vimeota sugu hata nashika sufuria ya moto bila kitambaa. Nyinyi hamjambo? Mgongo wa Mama umetulia? Na wewe bado unagombana na redio kila bendi ikikosea?

Barua yako ilinifika. Uliniuliza kama kweli kuna maisha katika kugongagonga mabati. Ngoja nikueleze, na leo nitatia chumvi kidogo tu.

Hapa karakanani, mwanagenzi anayekaribia kuhitimu hutengeneza tarumbeta moja kuanzia bamba tupu. Kabla hajainua nyundo humtajia fundi mkuu mtu atakayeipiga, kwa sababu madini huchaguliwa kwa kumfuata mpigaji. Shaba ya njano, yenye zinki nyingi, ina sauti kali inayofika mwisho wa ukumbi. Wengine huipaka fedha, kisha hubishana mpaka jioni kama sauti imebadilika au ni macho yao tu. Shaba nyekundu ina sauti nene, ya upole, lakini ni laini mno na haitaki nyundo ya pupa. Wenzangu wote walichagua njano. Mimi, kichwa kigumu kama unavyonijua, nikachagua nyekundu.

Fundi mkuu, ambaye tunamwita Masikio akiwa hayupo, alinionya kwamba tarumbeta yangu itasikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, na nikishindwa nitarudi kuosha vali za tarumbeta za watu mwaka mwingine mzima. Nikamjibu kwamba mtu wangu inamfaa hiyo hiyo. Mdomo mpana wa tarumbeta, wa kwanza kuugonga, ulinipasukia mikononi. Nililia chooni, nikanawa uso, nikachukua bamba jingine, safari hii nikilipasha moto kila baada ya kugonga kidogo ili lisikakamae.

Jana ilikuwa siku ya pazia. Tarumbeta hupigwa nyuma ya pazia ili anayesikiliza asihongwe na mng'aro. Nilianza na tarumbeta ya njano ya karakana, kisha yangu. Nilipiga ule wimbo uliokuwa ukituamshia siku za shule, taratibu, bila kulazimisha pumzi. Nilipomaliza nikajua nimekwisha, nikaanza kuhesabu vali za kuosha. Masikio akafungua pazia macho yakiwa yamelowa, akasingizia vumbi.

"Sasa nimeelewa," akasema. "Huyu mtu wako hana haja ya kupiga kelele ili asikilizwe."

Baba, nilimkumbatia mpaka kofia ikamdondoka. Wenzangu walinibeba juu juu kuzunguka meza za kazi, na furaha niliyokuwa nayo sijui niiweke wapi.

Sasa kaa chini. Mtu niliyemtaja ni wewe. Najua tangu ulipong'olewa meno ya mbele uliapa kwamba umemaliza kupiga tarumbeta, kwamba sauti iliyobaki ni ya aibu. Lakini Mama amemwaga mtama. Kila asubuhi unafungulia bomba la bafuni, unapuliza kile kipande cha mdomoni peke yake, ukidhani maji yanakuficha. Hata jirani anajua, na anasema siku usipopuliza yeye huchelewa kazini. Ya njano ingekudai nguvu za ujana. Hii nimeigonga nikiwaza pumzi zako za sasa, na nazipenda kuliko zile za zamani.

Usinikunjie uso. Kupita pazia ni nusu ya safari tu. Hapa mtu haitwi fundi mpaka yule aliyemtaja aipige tarumbeta mwenyewe, mbele ya fundi mkuu. Tunakuja naye Jumamosi. Usijitie ugonjwa, maana Mama nimeshamwomba akulinde mlangoni.

Msalimie sana Mama, Shangazi na huyo jirani. Nawakumbatia nyote.

Ni mimi kitindamimba wako,
mwanagenzi mpaka Jumamosi.