Yale Majani Niliyokutumia

Mdogo wangu mpendwa, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zangu. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu za kusoma, maana za kubishana najua hazijakuishia. Huku sote wazima. Goti langu bado linalalamika, nami siliitikii.

Mdogo wangu, nina hasira. Shemeji amenipigia simu kuniambia umeacha dripu. Ati umewaambia wauguzi kiti chako wampe mwingine, wewe unatibiwa na majani aliyoyagundua mtoto wa dada yako. Shemeji alipokusihi, ukamjibu kwamba fundi viatu hajui mambo ya titi. Kwani wewe na mimi tulisomea wapi udaktari? Tuliishia darasa moja, tena mimi nilikuwa na alama nzuri kuliko zako.

Mwanao huyo niliyemzaa mimi ni fahari ya ukoo. Hilo nitalisema hata sokoni, na aliyechoka kunisikia azibe masikio. Nani mwingine kwetu amevaa koti jeupe bila kuwa muuza nyama? Lakini nilipomweleza ulichofanya, alikaa kwenye ngazi za maabara akalia kama mtoto. Akaniambia maji ya yale majani hayaui saratani. Yanaidhoofisha tu, ili dawa iipate vizuri, na hayo ameyaona kwenye visahani vya kioo, hajayaona ndani ya mtu. Bila dawa, alisema, mama mdogo anakunywa uchungu wa bure.

Mimi nililielewa hilo kijikoni. Maharage ukiyaloweka yanawahi kuiva. Lakini ulishaona wapi mtu akaloweka maharage, akazima jiko, akapakua? Ndivyo ulivyofanya wewe, tena unawakaribisha majirani mezani.

Unasema tangu nikutumie furushi la pili uvimbe umelainika na usingizi umerudi. Basi kaa kitako nikwambie. Ule unga si wa yale majani ya furushi la kwanza. Mwanao alikuwa ameshanikataza kukutumia, nami sikuwa na moyo wa kukunyima, jinsi ulivyonililia kwenye simu. Nilichuma majani ya mpera ulio nyuma ya choo changu, nikayakausha, nikayatwanga laini, nikafunga kwa uzi uleule. Sikujua umeacha dripu. Ningejua, ningekuja mwenyewe na fimbo. Sasa niambie, mdogo wangu, huo uvimbe umelainishwa na mpera?

Mwanao amekwenda kumwona daktari wako. Kiti chako bado kipo, Jumatatu asubuhi. Mimi nafika Jumapili. Najua utanikasirikia, na una haki. Yaweke matusi yote hadi ukae kwenye kile kiti, sindano mkononi. Nitakuwa kando yako, nikiyasikiliza hadi dripu iishe.

Msalimie shemeji, na umwombe radhi kabla sijafika.

Ni mimi dada yako,
Mama Daktari