Buti za Okidi

Bado mama amejifungia ndani na mtoto wako, dada Blandine. Mtoto alilia, sasa amenyamaza. Okidi, jirani yetu mwanajeshi, huwa anavua buti kwa geti sababu ya mama. Leo alisahau. Mama alisikia buti, akafikiri ni wale wenye bunduki waliotuvamia kwetu Congo.

Hapa mtu akijifungia hatugongi mlango. Wamama wamekaa nje, wanachambua maharage na kuongea tu. Okidi amevua buti, amekaa nao miguu mitupu.

Sasa hivi Mama Akumu, mmoja wao, amesema kwa sauti, "Mimi nimechoka, nayapika haya maharage na mawe yake."

Mama amejibu kutoka ndani, "Utavunja watu meno. Leta hapa."

Wacha niende, nampelekea ungo wa maharage. Haupiti kwa dirisha, lazima afungue mlango.

Mdogo wako,
Guerschom