Kopo la Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Gari la matangazo limepita tena. Juzi lilikuja na muziki, leo halina muziki — nikajua mambo si mazuri. Maji ya bomba yasinywewe bila kuchemshwa. Bomba limepasuka mahali, uchafu unaingia, mafundi wanatafuta. Mteja aliyekuwa chini ya draya saluni kwangu akauliza, sasa nywele zetu unaziosha na nini? Nikamwambia tulia dada, kichwa hakina koo.

Baba alikuwa uani, alisikia yote. Akaguna tu. Kwake tangazo hilo ni tusi. Bomba la mtaa huu alililaza yeye na wenzake, akaja akaendesha mashine ya maji mpaka alipostaafu. Ndiyo maana mji mzima unamwita Mzee Bomba. Enzi zake hakuwafungulia watu maji kabla hajanywa kopo la kwanza mwenyewe. Amestaafu yeye, kopo halijastaafu! Kila asubuhi anafungua bomba la uani, anayaacha yatiririke kidogo, anajaza kopo lake la bati, ananusa, anakunywa, anatangaza, "Yamepita!" Na binti yangu na miaka yake mitano yuko pembeni na kikombe chake cha bluu. "Yamepita, Babu!" Mchumba wake huyo. Ndivyo Baba anavyomwita.

Nimewapiga marufuku wote wawili. Mtoto amekubali. Mzee amejifanya hasikii.

Jumanne, 5 Machi

Nimechemsha sufuria mbili kabla ya kufungua saluni. Jikoni hakuna pa kugeukia, kwa hiyo ndoo ya maji ya kunywa nimeiweka kona ya saluni, jagi juu ya mfuniko. Binti anachota ya ndooni mwenyewe, tena anajisifu kwa wateja. Mtoto mwema. Mimi siyanywi hata hayo. Mimi na chai, chai na mimi.

Leo mteja wa mistari alikuja na kichanga chake. Katikati ya kusuka — nepi imejaa! Tumecheka mpaka machozi. Mama akatoka naye nje kumsafisha, akarudi akachota maji kwa jagi akanawa mlangoni. Nikaendelea na mistari yangu, kichwa nusu kimesukwa, nusu kama kimepigwa na umeme.

Baba amekunywa makopo mawili makusudi, huku ananiangalia. Anasema lile ni bomba la chuma, amelilaza kwa mikono yake, wakatafute ubovu huko sokoni kwenye mipira yao ya plastiki. Nikamwambia uchafu hauulizi bomba kalaza nani.

Alhamisi, 7 Machi

Nimewafumania! Nyuma ya tangi kule uani, wamechuchumaa kama wezi wa kuku, kopo mkononi. Binti ana masharubu ya maji. "Yamepita," ananong'ona. Nimefoka mpaka jirani akachungulia. Baba akasema nina mdomo wa mama yangu, Mungu amrehemu, naye hakuwa na kifuniko. Mtoto akacheka. Hata mimi nilikaribia kucheka, nikajikaza.

Kikombe cha bluu nimekificha juu ya kabati.

Jumamosi, 9 Machi

Anatapika. Kila kitu ni maji tu, juu na chini. Macho yameingia ndani. Nimembeba kwenye pikipiki hadi hospitali, kichwa chake kinacheza begani kwangu kama si chake. Wametafuta mshipa mkono huu, mkono ule. Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Huyu mtoto analia hata akikatwa kucha.

Jumapili, 10 Machi

Nimekimbia nyumbani kuchukua nguo na kanga. Baba alikuwa bombani, kopo mkononi. Akauliza, mchumba wangu anaendeleaje?

Nikamjibu. Nayaandika hapa kama nilivyoyasema. Nilisema mchumba wako yuko kwenye dripu. Nilisema umemnywesha sumu kwa kiburi chako. Nilisema akifa umemuua wewe.

Aliangalia ndani ya kopo, akamwaga kilichomo, akakaza bomba ambalo tayari lilikuwa limefungwa. Mabega yake! Sijawahi kuona mabega ya baba yangu yakishuka namna ile. Nikapita na kanga zangu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Lakini sikukosea. Mtu akicheza na roho ya mwanangu nisiseme?

Jumatatu, 11 Machi

Nimepita nyumbani kuoga, nikamkuta bwana afya mlangoni na chupa zake. Anachukua maji kila nyumba iliyopata mgonjwa. Ametoa ya bomba, kisha akaelekea kwenye ndoo. Nikamwambia asipoteze chupa yake, hayo nimechemsha mwenyewe. Akasema anachukua popote mnapokunywa. Haya, chukua.

Alipoondoka, Baba alileta waya na koleo, akalifunga bomba la uani, akazungusha na kuzungusha. Kopo akalitundika msumarini, mdomo chini. Akaingia saluni, akasimama mbele ya ndoo kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Nipe ya kwako," akasema.

Nikamchotea. Akauliza, yamechemshwa? Nikasema ndiyo. Akanywa yote kwa mkupuo, macho amefumba, kama mtoto anayepewa dawa chungu. Akaomba tena.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikajiona nimeshinda.

Jumatano, 13 Machi

Binti ameketi! Ameomba uji. Ameomba na biskuti, akaniambia muuguzi yule mnene ni rafiki yake. Nimelia chooni nisionekane.

Anamuulizia Babu. Kwa nini haji? Nikasema ana kazi. Kazi gani, mzee wa watu? Nilimwomba asubuhi twende wote, akasema anamwonea haya mtoto. Anamwonea haya mtoto wa miaka mitano! Nilitaka kumwambia yameisha, Baba. Nikachemsha maji badala yake.

Kila akitaka kunywa anauliza, "Yamechemshwa?" Mzee Bomba! Aliyekuwa akiufungulia mji mzima kwa ulimi wake! Nikisema ndiyo, anamaliza hadi tone la mwisho, kisha ananionyesha kikombe kitupu.

Ijumaa, 15 Machi

Binti katoka asubuhi. Baba kaingia mchana.

Ugonjwa ule ule. Aliuficha tangu jana, anasafisha mwenyewe, hataki nione. Nimemkuta sakafuni chumbani kwake, kashika mguu wa kitanda. Daktari anasema umri, anasema figo, anasema tusubiri. Nimeuliza tusubiri nini. Akageukia karatasi zake.

Nikakasirika! Ndiyo, hata hapo. Nikajua alirudi bombani kwa siri. Nikakimbia nyumbani kuangalia. Waya uko vile vile, umezungushwa alivyouzungusha. Kopo msumarini, vumbi juu yake.

Jumamosi, 16 Machi

Nitaandika yote.

Bwana afya amenikuta kwenye benchi la hospitali. Majibu yametoka. Mpasuko wameupata kule sokoni, kwenye bomba jipya la plastiki. Upande wetu unalishwa na laini ya zamani, ile ya chuma, inatoka juu, haikutani na ile kabisa. Maji ya bomba letu ni safi. Tangazo kwa mtaa wetu limeondolewa tangu jana.

Nikauliza, sasa?

Ndoo, akasema. Yaliyo machafu ni ya ndoo. Tena uchafu wa choo. Akaniuliza kwa upole kabisa — afadhali angenifokea — nani anachota, anachota na nini, mikono ya nani. Nikasema kuna jagi. Nikasema mimi huchemsha. Akasema kuchemsha ulichemsha vizuri, mama, yamechafuka baada ya hapo.

Nepi. Yule mama alinawa mlangoni, akarudisha jagi juu ya mfuniko. Tulikuwa tunacheka. Na jagi hilo nimelichovya tena na tena, kila nilipomimina mapya juu ya masalio. Nimemnywesha binti yangu kwa mkono wangu. Na Baba, aliyekuwa na maji safi hatua chache kutoka mlangoni kwake, maji yake mwenyewe — mimi ndiye niliyemtoa kule nikamleta kwenye ndoo yangu. Akaomba tena na mimi nikaongeza.

Nilikwenda nyumbani. Nilimwaga ndoo, nikaikanyaga mpaka ikapasuka, jirani akachukua mtoto akidhani nimechanganyikiwa. Nikafungua waya kwa koleo lake. Umenikata vidole viwili. Nikayaacha yatiririke kidogo, kama afanyavyo. Nimeosha chupa, nimejaza, nimechukua kopo la bati. Binti akarudi mbio kutoka kwa jirani, akadai kikombe chake cha bluu, nikakishusha kabatini, tukaja wote.

Daktari amekubali anywe kidogo kidogo. Midomo yake imepasuka kama udongo. Alipomwona binti alitaka kugeukia ukutani. Binti akamshika sikio akasema, "Mchumba, mbona hukuja kuniona?" Akafumba macho, machozi yakatokea pembeni.

Nimemimina kwenye kopo. Nimemwinua kichwa. Kizito, na chepesi. Kopo limegusa midomo, kiu ninaiona kooni mwake inapanda na kushuka — akausukuma mkono wangu. Akaniangalia.

"Yamechemshwa, mwanangu?"

Nikisema ndiyo, atakunywa na atabaki akiamini ni yeye aliyemuumiza mtoto. Nikisema hapana, hatakunywa mpaka nimwambie kwa nini. Yote. Mbele ya mtoto, na pumzi yenyewe hiyo aliyobakiza.

Muuguzi ameingia kubadilisha dripu, ametutoa nje kidogo. Tuko korido. Kopo limejaa, nimeliweka magotini huku naandika. Binti ameinamia, amenusa.

"Yanapita haya, Mama. Kwa nini hukumjibu Babu?"

Mlango unafunguliwa, muuguzi ananiita