Maneno Yangu Ukutani

Jumatatu, 3 Machi
Leo mimi ni mtu mkubwa! Maneno yangu yamejaa ukuta mzima wa manispaa, herufi nyekundu, kila moja inanizidi kimo. MIMI SIMHITAJI MTU. Yule dada msanii alipita mtaani akiuliza wazee: unajivunia nini? Wenzangu wakababaika. Mimi nilimpa jibu papo hapo. Kwa kinyozi, sokoni, kote nimewaambia — ni mimi yule!

Alhamisi, 6 Machi
Mama watoto kaanguka jikoni. Nyonga imevunjika. Kalazwa, kitanda cha dirishani. Nachungulia nje — ukuta ule ule! Unamkodolea macho. Nikavuta pazia. Kalifungua. Eti acha nisome, mume wangu, si ulitangaza mwenyewe?

Jumapili, 9 Machi
Chakula changu hagusi. Kamwambia muuguzi anirudishe nyumbani, mtu asiyehitaji mtu asisumbuliwe. Muuguzi kacheka. Mimi sikucheka. Nikaomba ahamishwe. Vitanda vimejaa, babu, hapa si hotelini. Jumanne wanampasua. Binti yetu kaninong'oneza: baba, mwambie neno moja tu. Nikakaa hadi wakatufukuza. Nilimweleza mama yake habari za bomba linalovuja.

Jumatatu, 10 Machi
Manispaa. Futeni, maneno ni yangu! Karani eti uliyatoa, mzee, sasa ni sanaa, ni ya mji mpaka mwisho wa mwezi. Msanii kasafiri. Mimi, niliyekuwa msimamizi wa mafundi, nikikohoa tu watu wanashika koleo — leo nimeambiwa nipishe foleni.

Jumanne, 11 Machi
Asubuhi. Nimebeba brashi na rangi iliyobaki ya lango. Kusema kumenishinda. Kuandika alinifundisha mama watoto, mezani jikoni, nikikosea ananigonga vidole kwa mwiko. Nikaongeza mwishoni mwa maneno yangu ukutani, kubwa: ILA. Limepinda, lakini linasomeka! Nikachovya brashi niandike jina lake — mlinzi kanidaka mkono. Babu, unaharibu sanaa!

Sasa niko kibandani kwake, tunamsubiri mkubwa wake. Nimemsihi, mwanangu, jina moja tu. Wapi! Brashi kaikalia.

Dirisha la mke wangu naliona. Pazia liko wazi. Kainua kichwa, anasoma. Wameshaleta kitanda cha magurudumu. Nimemnyooshea kidole — wewe! wewe! — mlinzi ananiambia nitulie. Sijui kama ananiona mimi au ukuta tu. Wanamgeuza —