Ndege Iliyogeuza Juu ya Mpunga

Jumanne, Kibiti.

Kibiti nzima hakuna anayeshusha ndege kama mimi. Shule nimeishia darasa la sita, lakini rubani hagusi udongo huu mpaka asikie sauti yangu redioni: "Uwanja mweupe, karibu."

Na leo Hamisi kanichongea. Hamisi, niliyemtafutia mimi kazi ya kubeba masanduku ya kamba!

Ndege imekuja kuchukua kamba wa delta, kumbe akina mama wameanika mpunga katikati ya uwanja, kama kawaida yao. Nikatoka mbio, redio mkononi.

"Shangazi, zoeni haraka, ndege yangu hiyo!"

"Yako?" akasema Bi Mwajuma. "Wewe hata baiskeli huna!"

Wakaangua kicheko, nami sikubali kushindwa maneno, nikawarudishia. Ndege ikazunguka mara tatu, ikarudi Dar. Barafu ikayeyuka, kamba wakaharibika wote.

Nikamwambia bosi rubani hakuniita hata mara moja. Hamisi akadakia, "Muongo huyo, bosi. Alikuwa anataniana na akina mama, redio kaisahau." Mbele ya watu! Bosi kanipokonya redio, kampa yeye.

Rafiki gani huyo? Tumekula sahani moja tangu utoto.

Tena kakosea. Redio sikuisahau. Niliishika kwa nguvu, kidole juu ya kitufe cha kusemea, na ukikibana humsikii anayekuita. Rubani alikuwa akiniita. Nilichompelekea kule juu ni matani yangu na Bi Mwajuma.